Geji ya Injini Ndogo: Risala ya Mafundi wa Chapwa kwa Mzee Anania Siwale

Mgeni rasmi, Mzee wetu Anania Siwale, mwenye malori na mwana wa Chapwa, Mwenyekiti wa Mtaa, Mchungaji wetu, wateja wetu mliotoka Hasamba, Ruanda na ng'ambo ya pili ya mpaka, Nakonde, nanyi mliokosa viti mkasimama dirishani. Sisi Mafundi wa Injini Ndogo Chapwa tunawasalimu kwa heshima na kwa mikono tuliyoinawa vizuri leo.

KARIBU NYUMBANI

Mzee wetu, karibu sana. Tunajua malori yako yapo kwenye foleni ya mpakani, na mwenye gari kwenye foleni hatulii. Hata hivyo umemwachia simu dereva wako, ndugu Clement, ukaja kukaa nasi kwenye mabenchi ya karakana. Tumeyafuta tangu alfajiri. Suruali ikipata doa utuwie radhi, mafuta ya taa tunayo.

TULIKOTOKA

Tulianzia chini ya turubai pembeni mwa barabara, kila fundi na boksi lake la spana. Injini ikija imechoka, tuliisikiliza mlio. Mmoja akasema ringi, mwingine akasema valvu, na mwenye sauti kubwa akashinda. Injini ikafunguliwa, na mara nyingi ugonjwa ulikuwa kwingine kabisa. Wateja walianza kutuita waganga wa ramli.

Tulipata heshima tulipopata geji ya kompresheni. Kwa wasio mafundi, kompresheni ni nguvu ya injini kuibana hewa ndani ya silinda. Injini isiyobana haiwaki, na ikiwaka inakohoa. Unatoa plagi, unafunga geji mahali pake, unavuta kamba, mshale unakwambia. Ukiona kidogo, unatia mafuta ya injini kijiko kimoja na kupima tena. Mshale ukipanda, ringi zimechoka. Usipopanda, tazama valvu kwanza.

Tangu hapo tukajiwekea utaratibu: mwenye injini ndiye anayesoma. Fundi anashika geji, mteja anasoma kwa sauti mbele ya wote. Aliyesahau miwani tunamngoja akaazime.

TULIYOYAFANYA

Tumetengeneza bodaboda, pampu za kumwagilia na mashine za kumenyea kahawa, kutoka huku Tunduma hadi milima ya Ileje. Wenzetu wa Nakonde hufika hapa, wanatuambia kwa neno la heshima la kwao, "mukwai, tupimieni na sisi," nasi tunawapimia.

Geji tumeitunza. Kabla ya kuifunga tunafuta uzi wake na kuangalia kile kiringi cha mpira. Kabla ya kuifungua tunabonyeza kitufe hewa itoke. Hatukunji mpira wake wa kupitishia hewa. Geji haiazimwi nje ya karakana, hata na shemeji.

Tumekosea pia, na tunalisema mbele yako ili ombi letu la mwisho lieleweke. Valvu ndogo iliyo kwenye ncha ya geji ilichakaa. Madukani hatukuipata, na mwenzetu Aliko akaweka kisindano cha valvu ya tairi. Kwa sura vinafanana na kinaingia vizuri, sote tukampigia makofi. Hatukujua kwamba springi yake ni ngumu, inazuia hewa. Dada Leah, anayeuza samaki hapa Chapwa, akaleta pikipiki yake, akasoma mwenyewe, mshale ukawa chini. Tukaifungua injini, tukakuta ringi nzima kabisa. Tulipopima pikipiki mpya iliyotoka dukani siku hiyo, nayo ikasoma kama marehemu. Leah alituambia, "Nyie mlinifanya nisome uongo kwa mdomo wangu mwenyewe." Neno hilo bado linatuuma. Tukakitoa kisindano kile, na Aliko ndiye aliyekipiga nyundo.

LINALOTUKWAMISHA

Geji ile baadaye ilianguka kwenye sakafu ya saruji, na mshale wake sasa haurudi kwenye sufuri. Ulipopata habari, Mzee wetu, hukusubiri kuombwa mara ya pili. Ulinunua geji, na ndiyo iliyo ndani ya sanduku lililofunikwa kitambaa mbele yako. Tunakushukuru kwa moyo wote.

Clement alileta sanduku hilo jana. Tulipaswa kungoja leo, lakini tulishindwa, tukalifungua. Ni geji nzuri sana, Mzee. Ni ya malori.

Umenunua kama mwenye malori anavyonunua, chombo kikubwa na imara. Lakini uso wake umepangwa kwa nguvu ya dizeli, kwa injini yetu mshale unainuka upana wa ukucha tu. Mpira wake ni mrefu, na valvu iko juu karibu na geji badala ya kwenye ncha. Hewa ya silinda ndogo inaishia kuujaza mpira. Mwenzetu Samwel alitoboa plagi kuukuu akaigeuza kiunganishi, tukaijaribu kwenye pikipiki nzima ya Mwenyekiti wetu. Ilisoma chini kuliko ile ya Leah.

Tulibishana jana. Wengine walisema tupokee, tupige makofi, tuiweke kabatini, mgeni asiaibike. Tumekataa. Hapa yupo mama Roda Nzunda wa Hasamba. Mama, simama wakuone. Injini ya mashine yake ya kumenyea kahawa imepoteza nguvu, na mnunuzi wa vyuma chakavu amemwambia imekufa. Mnunuzi huyo anamfuata hapa kesho. Kahawa ya mama imeiva shambani, na mbivu isipomenywa upesi inachacha. Ametuuliza swali moja: "Wanangu, niiuze au nisiuze?"

Hatuwezi kumjibu. Tukiifungua kwa kubahatisha, gasketi ya injini ile haipatikani hapa mjini na msimu utampita. Tukiipima kwa geji ya sanduku hili, atasoma kwamba imekufa, hata kama iko hai. Hatutamsomesha uongo kama tulivyomfanyia Leah.

OMBI LETU

Mgeni rasmi, kwa heshima yote, sanduku hili hatutalipokea. Tumelifunga kamba upya, liko tayari kurudi garini kwako, na fundi wa malori yako atalifurahia. Tunaomba ubadilishe. Tunaomba geji ya injini za petroli, yenye mpira mfupi, valvu kwenye ncha, viunganishi vya plagi nene na nyembamba, pamoja na valvu zake halisi za akiba. Ni ndogo kuliko hii, na picha yake haitapendeza sana gazetini.

Duka ulilonunulia kule Mbeya wanayo, Samwel amewapigia simu. Clement anakwenda Mbeya mchana huu kwa shughuli zako, na anarudi usiku.

Mama Roda atalala kwa Leah. Tumekwishamwambia asimjibu mnunuzi neno lolote mpaka Clement afike na mama mwenyewe asome geji mpya. Tulimwambia hivyo kabla ya kukuuliza wewe, Mzee wetu. Sasa tunakuuliza.

Mungu azilinde safari za magari yako, awape madereva wako macho ya usiku, na akurudishe kwetu tena kwenye benchi hili hili.

Imesomwa na Agnes Kibona, Katibu,
kwa niaba ya Mafundi wa Injini Ndogo Chapwa, Tunduma.