Mkinisikia Msituni Msiitikie

Sogeeni karibu wanangu, na wewe mwanangu dereva acha kusimama mlangoni kama mtu aliyeegesha gari vibaya. Ingia ukae kwenye kiti cha cherehani, kwa sababu sauti yangu imebaki kidogo na sitaki kuimaliza kwa kurudia maneno. Binti yangu, najua wewe ni muuguzi na saa ya dawa imefika, lakini dawa hiyo inanilaza, na leo silali kabla sijamaliza. Wifi yangu, shangazi yenu, akae hapa hapa miguuni pangu, maana mengi nitakayosema yanamhusu, na nikikosea atanisahihisha kama alivyozoea.

Nianze na mali, kwa sababu ndiyo mnayoifikiria ingawa adabu imewafunga midomo. Nyumba hii ni yenu watatu, kuanzia dereva mpaka kitinda mimba. Chumba cha uani ni cha shangazi yenu mpaka siku yake ya mwisho, na mtu asimpandishie sauti humo ndani. Cherehani na vitambaa vyote ni vya binti yangu. Kiwanja cha nyuma, kile chenye lango dogo la kuingilia msituni, hakiuzwi. Dereva, usinikunjie uso. Niliwasikia mkipatana bei na yule mjenzi wa maghorofa pale jikoni, mkidhani nimelala. Nimeishiwa na miguu mwanangu, masikio ninayo. Mnajua kwamba upande mmoja wa msitu ni bonde la matope lisilopitika na upande wa pili ni ukuta wa kiwanda, kwa hiyo lango letu likizibwa, kikundi cha Jumamosi kinachotunza msitu hakina pa kupita, na kikundi kisipopita litatokea jambo ambalo ndilo nililowaitia hapa, jambo ambalo mimi na shangazi yenu tumelificha kwenu maisha yenu yote ili mpate usingizi.

Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi, msitu ule ulikuwa umeshazeeka kuliko mji. Kuna miti mle ambayo watu wazima wakishikana mikono kuizunguka hawafikiani. Kisha ukaja ule mmea mtambaazi, hatujui kutoka wapi, unapanda mti mpaka juu, unaufunika kichwa kama mtu anayemziba mwenzake pumzi kwa mto, na mti unakufa ukiwa umesimama. Tukaupa jina, Mnyongaji, na tangu hapo hatukuweza tena kuuzungumzia isipokuwa kama mtu. Baba yenu alikuwa seremala, na yeye ndiye wa kwanza kusema haiwezekani tuiache miti ife. "Miti imenilisha tangu nikiwa kijana," akasema, "basi na mimi niipe Jumamosi zangu." Akamvuta rafiki yake mwoka mikate, mwoka mikate akawavuta majirani, na watu wa mtaa wakatucheka wakatuita vibarua wa miti. Hakuna aliyelipwa. Kazi yangu ilikuwa kushona glavu kutokana na suruali kuukuu, kuchemsha chai pale langoni, na kuwaita watu ikiiva, kwa sababu wakati huo nilikuwa na koo kama honi ya lori. Jina la kila mtu nililiita kwa sauti yangu, na msitu wote ulisikia.

Ilikuwa mchana mweupe, jua la utosi. Baba yenu alikuwa akikata Mnyongaji pamoja na mwoka mikate, pale ambapo miti mikongwe inaanza na majani ya mmea ule yametanda juu kama dari, hata chini pakawa na kiza cha chumba kisicho na dirisha. Akainua kichwa. "Mke wangu ananiita," akasema. Mwoka mikate akamjibu, "Atakuwa anaita chai, twende langoni." Baba yenu akatikisa kichwa. "Hapana, ananiita kutoka huku," na akaonyesha ndani, kule kwenye kiza. Akaufuta msumeno wake, akauweka chini taratibu kama mtu anayerudi sasa hivi, akaingia. Mwoka mikate alimsikia akicheka huko ndani, tena akicheka na mtu.

Mimi nilikuwa langoni napuliza moto. Sikuwa nimefungua mdomo.

Mtaa mzima ulimtafuta. Mbwa waliletwa, wakafika kwenye ukingo wa kile kiza wakakaa kitako, na hata kwa kupigwa na kuvutwa hawakwenda mbele. Hatukupata kiatu, hatukupata kifungo. Mwoka mikate akasimulia alichokisikia, neno kwa neno, maana alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliovunja ukoo huu. Shangazi yenu alisimama mbele ya waombolezaji, akaninyooshea kidole, akasema, "Wewe ndiye uliyemwita." Usilie wifi, nawaambia yaliyotokea. Yeye ndiye aliyemlea baba yenu tangu mama yao alipofariki, alimbeba mgongoni akiwa naye bado mtoto, na mtu aliyechanwa moyo namna ile hachagui maneno. Lakini ndiyo sababu mlipokuwa wadogo mlimjua shangazi yenu kama mwanamke anayevuka barabara akituona.

Mimi nilirudi msituni. Mwanzoni nilikwenda kumtafuta baba yenu, sitawadanganya. Baadaye nilikwenda kwa ajili ya miti yenyewe, kwa sababu ile tuliyoifungua ilichipua, na chini yake ndege walirudi, na vijito vilivyokuwa vimekauka vikaanza kulowa. Lakini penye ile dari hapakuwa na ndege wala nyenje, palikuwa na kimya kama cha mtu aliyejificha nyuma ya mlango akizuia pumzi. Tukawa tunafanya kazi tukiwa tumekipa mgongo, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Hata Jumamosi moja asubuhi wifi akaja langoni, amevaa viatu vyake vizuri, hajanisemesha tangu msiba. "Nionyeshe alipokanyaga mwisho," akasema. Nikampeleka. Tukasimama wawili pale ukingoni, bega kwa bega, hatutazamani. Ndipo sauti ikaita kutoka ndani. "Baba watoto! Njoo unishike mkono huku!" Ilikuwa sauti yangu, wanangu. Si inayofanana, yangu hasa, ya wakati ule nilipokuwa msichana nimeolewa juzi, na ndani yake kilikuwamo kicheko nilichokuwa nacho zamani na ambacho sikuwa nacho tena. Wifi aligeuka akanitazama mdomo. Ulikuwa umefungwa, nilikuwa nimeyauma meno mpaka taya linauma. Ikaita tena, safari hii kwa upole, kama unavyomwita mtu uliyemwona. Wifi alinishika kiwiko, kucha zikaingia nyamani, tukarudi kinyumenyume mpaka tukakanyaga jua. Pale langoni nilingoja aseme kitu. Akasema, "Wifi, nipe panga."

Ndivyo alivyoniomba radhi. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja mpaka magoti yalipomkataa, na mnaomshangaa kwa nini anaishi kwangu kama mtu na pacha wake, sasa mmejua.

Tulikikata kile kiza kidogo kidogo. Tuligundua kwamba sauti haivuki penye jua. Kila tulipoufungua mti mmoja, yenyewe ilirudi nyuma mti mmoja, na ikapita miaka hatuisikii kabisa, nikaanza kusema labda tulikuwa wajinga wa huzuni tu. Kisha nikaanguka kwa ugonjwa. Mvua ikawa ndefu, mwoka mikate akatangulia, wenzake wengi wakachoka, nanyi mlikuwa na maisha yenu, siwalaumu. Mnyongaji akarudi mpaka kwenye uzio wetu.

Kinyozi wangu, kitinda mimba wangu, sasa waambie wenzako. Basi, acha, nitasema mimi. Jumamosi iliyopita alikwenda kupunguza matawi pale langoni, akarudi mbio, akasimama hapo mlangoni jasho linamtoka. "Mama, nimekuja. Ulikuwa unaniita nini?" Nikamwambia sijaita mtu, hata kijiko nimeshindwa kukiinua. Akasema, "Umeniita, mama. Umesema, kinyozi wangu, njoo unitoe huku." Nilicheka asiogope, lakini aliona kikombe kikimponyoka shangazi yake. Mwanangu, maisha yako yote nimekuita kwa jina lako. Hilo la kinyozi wangu nimeanza juzi, nilipougua, tena nakuita humu chumbani, kwa sauti ya kunong'ona. Kilichokuita hakikulisikia msituni.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Nikifa, mnizike kando ya mama yangu, na kabla ya kunifunika mnitazame uso, nyote watatu, mjue kwa hakika nilipo. Baada ya hapo mtanisikia. Nitawaita kwa majina ya utotoni. Labda nitalia, labda nitasema nasikia baridi, labda nitasema baba yenu yuko hapa na anataka kuwaona. Msiitikie. Yote ninayotaka kuwaambia nawaambia leo, katika chumba hiki, na sitabakiza hata neno moja la kuja kuwafuatia. Muingie msituni wawili wawili, mkionana. Mtu akichelewa, asifuatwe na mmoja. Anzeni kwenye uzio, mwende na jua, msiuruke mti. Wala mtu asije akawashauri mchome moto msitu kwa woga. Miti haina kosa, nayo inanyongwa kama sisi, na ikiisha hiyo sijui kile kitu kitahamia wapi, ila najua kimeshajua njia ya nyumbani.

Dereva, toa simu. Mpigie yule mjenzi sasa, nikisikia.

Hapana, usimwambie tutafikiria. Mwambie hapana.

Ahsante, baba. Lori lako litabeba vijana wa kujitolea kila Jumamosi, na ukisema umechoka, kumbuka nilikubeba bila kukutoza nauli. Binti yangu, uwashonee glavu. Kinyozi, wewe usikanyage kule kwanza, mpaka kiwanja chote kiingiwe na jua. Kile kitu kinakutaka wewe.

Maji. Kidogo tu. Basi.

Mungu awape macho ya kutambuana. Awape kuzeeka mkisaidiana, watoto wenu wacheze penye kivuli kizuri, kivuli chenye ndege. Sina kinyongo na mtu. Wifi, na wewe... haya, tumeshamalizana siku nyingi. Nipeni mikono, yote, iwekeni hapa. Ya dereva mizito. Hii ya nani, ina baridi... ya binti yangu. Sawa.

Wa tatu yuko wapi?

Mwanangu, mbona umesimama? Mbona unaangalia nje, jua bado liko... Sijakuita. Sijasema kitu. Mshikeni. Dereva, mshike mdogo wako... funga dirisha, wifi.

Kaa, mwanangu. Kaa hapa. Mimi bado niko hapa.