Naftali Mughwai na Spika Zilizoita Ng'ombe

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Naftali Mughwai, dereva wa gari letu la matangazo, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Anayedhani atatulia nyumbani kwake Mkiwa hamjui. Hata ukumbi wa sherehe hii ameshaukagua. Jana alikuwa humo akigonga spika.

Naftali hajui kukaa. Akisikia mtetemo mlangoni anasimamisha gari, anashuka, anabonyeza bati, anapanda, halafu anashuka tena. Tuliosafiri naye hadi Rungwa tunajua tulivyochelewa.

Wengi mnazikumbuka zile spika mpya. Alizifunga mwenyewe milangoni, akafungulia besi hadi mwisho, akawa anatembea kifua mbele. Kisha akaenda Issuna kutangaza kwamba madaktari wa macho wanakuja kwa siku moja tu. Alisema, "Kesho, macho shuleni!" Spika zikanguruma, watu wakasikia "majosho", yale ya kuogeshea mifugo. Asubuhi uwanja wa shule ukajaa ng'ombe. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Naftali hakucheka. Bibi Stumai, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfungia dunia na aliyewangoja sana madaktari hao, alibaki nyumbani. Alimwambia jirani kwamba majosho hayamhusu, yeye hana ng'ombe. Madaktari wakaondoka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyepata raha. Naftali alizifungua spika zote, akakuta nyaya za upande mmoja alizigeuza mwenyewe, chanya kwenye hasi, hivyo spika moja ikisukuma nyingine inavuta. Akazirekebisha. Akakaza mabati, akaziba matundu ya milango kwa vipande vya godoro, akashusha besi. Kila mara alimsimamisha Aneth wa masjala ng'ambo ya uwanja asikilize, huku yeye akitamka kwenye spika "macho, majosho, macho", hadi Aneth akaomba likizo.

Madaktari waliporudi, Naftali aliizunguka Issuna yote, na mbele ya nyumba ya Bibi Stumai akasimama akarudia tangazo. Nilikuwa naye garini. Kulipokucha hapakuwa na ng'ombe hata mmoja shuleni. Bibi alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Asante, Naftali. Tutakukosa, hata huko kugonga kwako milango. Pumzika ukiweza, na Mungu akupe afya na siku njema nyumbani. Bibi Stumai ameomba kiti cha mbele leo. Anasema sauti yako anaijua, sasa anakuja kuiona sura.

Loyce, Mapokezi