Hakuniuliza Mara ya Pili

Ndani ya basi la kwenda Chowk, hapa Lucknow, binti aliyekaa mbele yangu alikuwa akimsimulia mama mmoja asiyemjua jinsi usaili wake ulivyokwenda asubuhi ile. "Yule bwana kutoka Mumbai alizipenda nguo nilizotarizi. Akaniuliza, 'Shaista, utaweza kuwasimamia mafundi wangu?' Nikamwambia, 'Mimi ni nani, bwana? Wapo wanaonizidi.'"

"Na kazi unaitaka?"

"Naitaka sana, mama. Nilingoja aniulize tena. Akanishukuru, akamwita mwingine."

Nilitazama dirishani, maana hata mimi ningejibu vilevile.

"Basi rudi ukamwambie unaweza."

"Nikajisifu mwenyewe? Nyumbani watasema nini?"

"Watasema una mshahara. Adabu hizo wawekee wakwe zako, mwanangu. Watu wa Mumbai wana haraka."

"Lakini si ndivyo tulivyolelewa, kukataa kwanza mpaka uombwe tena?"

Basi liliposimama Chowk mama aliinuka, akatoa pera kubwa kikapuni akamnyooshea. Shaista akasema asante, ameshiba. Mama akalirudisha pera kikapuni, akashuka. Shaista alilisindikiza kwa macho mpaka mlangoni.