Mama Truphosa Jepleting, Aliyetunza Jenereta za Ndege

Wazazi wetu, wachungaji, majirani na nyote mliofika hapa Njoro leo, familia imenituma mimi Kipruto, shemeji yake Truphosa, niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote, hata pale ambapo wengine wangeruka, kwa sababu alituagiza akiwa bado na nguvu, akasema, "Msinisome kama malaika, someni na ile siku ya kifuniko."

Truphosa Jepleting alizaliwa tarehe 14 Mei 1968 huko Keringet, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Kimeto na marehemu Mama Rael, waliokuwa wakulima wa viazi na pareto. Alisoma shule ya msingi pale pale nyumbani kuanzia mwaka wa 1975 hadi 1981, akaingia sekondari mwaka uliofuata, lakini alipomaliza kidato cha pili mama yake aliugua mgongo, naye akarudi kulea wadogo zake, jambo ambalo hakulinung'unikia hata mara moja, ingawa daftari zake za sayansi alizifungia sandukuni na hakukubali mtu azitumie kuwashia moto.

Mwaka wa 1988 alikwenda Naivasha kufungasha maua, akapanga chumba kimoja mtaa wa Karagita, na ni katika kwaya ya kanisa la huko alipokutana na ndugu yangu Samwel Kipkorir, dereva wa trekta, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1992, Mungu akawajalia watoto watatu, Chebet, Kiprono na Sue, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Mwezi wa Februari 1997 aliajiriwa kufagia katika karakana moja ya ndege ndogo kusini mwa Ziwa Naivasha, na baada ya miaka miwili injinia mkuu, Bwana Njuguna, aliyeona hata pembe za sakafu zinang'aa, alimwita kwenye meza ya kusafisha, akamfundisha kutunza sehemu za jenereta, ile mashine inayozungushwa na injini ili ndege ipate umeme wa taa na redio. Sehemu hizo zimevikwa ngozi nyembamba ya alumini ya kuzuia kutu, na ngozi hiyo haitaki haraka, inataka sabuni isiyo kali, brashi laini, maji safi, kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha hewa ya pole pole mpaka ikauke, na haitaki kabisa waya wa kusugulia sufuria wala dawa yenye kuchoma. Truphosa alisema ni kama kumpangusa uso mtu aliyelala usingizi, usimwamshe.

Jumatatu tarehe 8 Agosti 2011, alipigiwa simu kwamba Sue ana homa kali, naye kwa haraka ya mzazi akatumbukiza kifuniko cha jenereta katika beseni la dawa kali inayosafisha vyuma vya kawaida, akashtuka povu lilipopanda, akakitoa, akakisuuza na kukikausha, kikaonekana kizima, isipokuwa karibu na tundu la bolti, ambapo ngozi ya alumini ilikuwa imelika kiasi cha punje ya hindi. Alikiweka pamoja na vingine, akakimbilia kwa mtoto, na alasiri hiyo kifuniko kikafungwa kwenye ndege.

Jioni homa ya Sue ilishuka, na mama yake akamweleza mumewe yaliyotokea karakana, na Samwel, ambaye ameniruhusu nilitaje hili, alimwambia kwamba doa ni dogo na hakuna aliyeliona. Asubuhi yake, saa kumi na mbili na nusu, Truphosa alikuwa mlangoni mwa karakana, maana ndege ile ilikuwa iondoke saa tatu kupeleka madaktari kaskazini, akamweleza Bwana Njuguna kila kitu mbele ya rubani.

Bwana Njuguna alimuuliza, "Nani mwingine anajua?"

Akajibu, "Mume wangu peke yake, na yeye aliniambia ninyamaze."

Jenereta ilifunguliwa, kifuniko kikabadilishwa, madaktari wakaondoka saa sita mchana wakiwa wamekasirika sana, na Bwana Njuguna mwenyewe hukiri mpaka leo kwamba hajui kama ndege ile ingepata shida, pengine ingeruka miaka mingi bila neno, pengine la. Truphosa alikunja aproni yake, akaketi kwenye benchi nje akingoja kufukuzwa, huku akimuwaza Chebet, aliyekuwa kidato cha nne, mpaka saa nane Bwana Njuguna alipokuja kuketi kando yake, akamwambia, "Rudi mezani. Nikimfukuza anayesema, nitabaki na wanaonyamaza."

Tangu siku hiyo hakuna sehemu ya jenereta iliyotoka karakana bila sahihi yake, akafundisha watu kumi na mmoja, akiwemo Wachuka aliyeshika kazi yake, hadi alipostaafu mwaka wa 2023 na kuja hapa Njoro kulima kabichi.

Oktoba 2024 figo zilianza kudhoofika, akawa akienda Nakuru mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, na wauguzi wanakumbuka jinsi alivyowakagua wakinawa mikono, akiwaambia taratibu, "Hapo bado, mwanangu," mpaka Jumatano tarehe 18 Juni 2025, saa nne asubuhi, alipotutoka akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ukaguzi wake, majirani, hasa Mama Jepkemoi aliyemkamulia ng'ombe miezi minane bila kuombwa, na wenzake wa karakana waliofunga kazi leo ili waje. Bwana Njuguna, tunaomba usimame uonekane, kwa maana ungeweza kumfukuza na hukumfukuza, na kutokana na mshahara wa miaka iliyofuata Chebet ni mwalimu, Kiprono ni fundi umeme, na Sue, yule wa homa, anamaliza masomo ya udaktari mwaka huu.

Truphosa wetu, umefanya kazi yako vizuri, sasa pumzika kwa amani.