Chupa ya Soda Kando ya Mtungi: Historia ya Candida Pius

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, na poleni nyote, familia ya Bwana Pius na Bi Scholastika wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, imetaka isomwe historia ya binti yao Candida, na msishangae ufupi wake, maana historia za watu huwa na shule, kazi na ndoa, na hii haina hata kimoja.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 16 Mei 1979, saa kumi na moja alfajiri, hapa Dar es Salaam, akiwa mtoto wa kwanza na wa pekee wa wazazi waliofunga ndoa Ndanda mwaka 1973 na kukaa miaka sita wakiulizwa na kila mtu kulikoni. Alibatizwa mwezi Julai mwaka huohuo, akapewa jina la bibi yake.

Shule hakuwahi kuiona, ila kliniki aliijua sana. Bi Scholastika hakukosa mwezi hata mmoja, mvua inyeshe jua liwake, mtoto alipimwa uzito, akapata chanjo zote, maji yake yalichemshwa, uji wake ulitiwa karanga, na kadi yake ilikuwa safi hata muuguzi, Bi Angelina, akawa anawaonyesha akina mama wengine, ndipo nyumba nzima ikambandika mtoto jina la Bi Afya, naye akiitwa hivyo anatembea kifua mbele, utacheka mwenyewe. Kazi alikuwa nayo moja, kumpokea baba yake mdogo, Melkiori, tarishi wa ofisi moja ya Posta, na kumnyang'anya kofia kabla hajakaa.

Sasa tufike kwenye kuugua, na hapa familia ilivutana. Wapo waliotaka iandikwe kwamba aliugua ghafla, yaishe. Lakini mtaani yamezagaa maneno kwamba mtoto kauawa na maziwa ya Bi Fakhriya, jirani yetu, mke wa Mzee Hamud mwenye duka, na kuna watu wazima wanapita mbele ya duka lile wakitema mate. Familia inasema huo ni uongo mtupu, na ukweli ni huu.

Jumatano tarehe 10 Februari mwaka huu wa 1982, baada ya wiki tatu za kuhangaika, mafuta ya taa yaliletwa duka la ushirika, balozi wetu wa nyumba kumi akapitisha habari, Melkiori akaenda kupanga foleni. Dumu la nyumbani lilikuwa limetoboka, basi akachukua chupa ya soda, kama tunavyofanya wote hapa, tusidanganyane, akaiziba kwa karatasi, na kwa kuwa mafuta yakiachwa uani huibwa, akaiweka chumbani, kando ya mtungi wa maji. Kesho yake saa kumi alasiri Candida aliingia kutoka kucheza, ana kiu, akaenda mahali anapojua kuna maji, akaikuta chupa ya kitu anachokipenda.

Melkiori alimsikia akikohoa. Alipoingia akakuta gauni la mtoto linanuka mafuta, akapiga yowe, uani pakajaa watu, kila mmoja anapaza sauti kwamba atapishwe, apewe maziwa, haraka. Bi Fakhriya aliombwa maziwa akayaleta mbio, lakini huku anaapa na kusihi kwamba mtoto asitiwe vidole kooni, apelekwe hospitali kwanza, na hakuna aliyemsikiliza. Melkiori ndiye aliyemtia vidole. Alimtapisha mara tatu, akiamini anamwokoa.

Hospitalini Daktari Zahoro alieleza, bila kumlaumu mtu, kwamba maziwa hayakumuua mtoto, kwamba mafuta ya taa yana nafuu yakibaki tumboni, ila mtoto akitapishwa huingia mapafuni, na yakishaingia huko hakuna wa kuyatoa. Siku mbili familia ilikaa kando ya kitanda ikizitazama mbavu zake zikipanda na kushuka, oksijeni ipo, dawa zipo, watu tupo, na hakuna kilichosaidia, jamani, hakuna. Candida alifariki Jumamosi tarehe 13 Februari, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka miwili, miezi minane na siku ishirini na nane.

Mmetufariji kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Asanteni, lakini tusimsingizie Mungu chupa. Mkifika nyumbani, kabla hamjala, tazameni vyumbani mwenu, mafuta ya taa yakae kwenye dumu lenye kifuniko, juu, mbali na maji ya kunywa, na yasitiwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji, na mtoto akiyanywa msimtapishe, msihangaike na maziwa, mkimbizeni hospitali. Kwetu maneno haya yamechelewa.

Familia inamshukuru Daktari Zahoro na wauguzi wake, Bi Angelina wa kliniki, balozi, wafanyakazi wenzake Bwana Pius wa kiwandani, na majirani wote, na kwa namna ya pekee Bi Fakhriya, ambaye tunamwomba radhi mbele yenu, na tunamwomba atoke kule nyuma alikojikunyata aje akae karibu na Bi Scholastika.

Aliyewasomea historia hii ni Melkiori. Amejitaja kama mtu mwingine kwa sababu kila alipojaribu kuandika mimi, mkono ulikataa. Candida, mwanangu, pumzika kwa amani, baba yako mdogo hakujua.