Bawaba Zimeng'aa, Sufuria Je?

Tangu apande basi, fundi wa milango alikuwa akitamba, akimwonyesha mama aliyeketi naye bawaba inayong'aa kama mpya. "Sikuichoma, wala sikutumia dawa ya kubabua mikono. Nimeichemsha na magadi tu, rangi ikabanduka yenyewe."

"Hapo umecheza, baba. Mume wangu alichoma za kwake, akakohoa wiki nzima. Ila sufuria hiyo usiipikie tena, rangi za zamani zina sumu."

"Nani aipikie? Imekuwa nyeusi tii."

"Kwani ilikuwa ya nani?"

Fundi akageukia dirisha. "Ya mke wangu. Aliletewa na mama yake."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Basi liliposimama, fundi akashuka amekumbatia sufuria mpya.

"Mwambie ukweli!"

"Nitamwambia, mama. Akishanipakulia."