Fundi Sikio na Skrubu Ishirini na Sita

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza piano za ukumbi wetu wa muziki, Fundi Sikio anastaafu. Aliajiriwa kupanga viti, akajifunza ufundi kwa kumtazama aliyemtangulia. Jina la Sikio tulimbandika sisi. Kijiko kikigonga kikombe cha chai, atakutajia noti yake hata kama hukumuuliza. Kero tupu! Lakini hakosei.

Alikosea mara moja, na ameniruhusu nisimulie.

Mtunzi mmoja, binti wa rika la kitinda mimba wa Fundi, alituletea utunzi wake mkubwa wa kwanza. Humo nyuzi za piano hubanwa kwa skrubu na vipande vya raba, zitoe mlio wa kengele, wa bati, wa mtu anayekohoa chumba cha pili. Fundi alinuna wiki nzima. Alisema hakuilea piano ile ije kulishwa vyuma. Hata hivyo, skrubu zote ishirini na sita alizipachika mwenyewe, kwani hakutaka mkono mwingine uiguse.

Siku ya onyesho, utunzi ulipangwa baada ya mapumziko. Mazoea yana taabu, jamani. Fundi alipita kuikagua piano kama kawaida yake, akakuta vyuma kwenye nyuzi, akasahau kuwa ni yeye aliyevipachika, akavitoa vyote, akaweka sauti sawa.

Mpiga piano akabonyeza noti ya kwanza. Ikatoka safi kabisa. Binti wa watu akajishika kichwa: kazi yake ya miaka minne ilikuwa inamfia mbele ya ukumbi uliojaa.

Fundi angeweza kujikalia kimya nyuma ya pazia. Alitoka na ovaroli lake, akawaambia watu kosa ni lake, akaomba radhi, akainama ndani ya piano. Kwa dakika kumi na nane alirudisha skrubu moja moja kwa kukumbuka, akigusa kila uzi na kuusikiliza. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Mimi msimamizi wa jukwaa nililia, na sioni haya kusema.

Kesho yake alikuja na barua ya kuacha kazi. Mtunzi alimwahi mlangoni, naye ana karatasi yake: ukurasa wa kwanza wa utunzi, ameuandika upya. Mpaka leo, popote unapopigwa, unaanza na maagizo haya: fundi aingie, apachike skrubu mbele ya watu, asiharakishwe.

Barua ile hatukuiona tena.

Ahsante, fundi wetu. Mungu akupe afya na siku nyingi pamoja na mama watoto, na asikuharakishe mtu.